Nahodha wa sebuleni
Wiki nzima mwanangu anafunga kitambaa jicho moja, anajiita nahodha wa maharamia na kututuma maji. Jana nikamsimulia habari za haramia Bartholomew Roberts, aliyeteka meli zaidi ya 400 kati ya 1719 na 1722. Chomboni mwake kila baharia alikuwa na kura. Kamari ya pesa marufuku. Saa mbili usiku taa zinazimwa; anayetaka kuendelea kunywa apande sitahani, gizani huko. Na mgawo wa nahodha? Mafungu mawili, baharia wa kawaida moja (mabosi wetu wasisome hapa). Marisau ya mzinga yakamuua karibu na Cape Lopez, Gabon, wenzake wakamtosa baharini na mavazi yake ya fahari.

Mtoto kimya. Kisha: “Baba, hiyo ya taa saa mbili lazima?”

Lazima, nahodha.