Matoazi chini ya bati: nilivyopanga maiki

Kwaya iliyoniita kuirekodi ni ya Mwanga, hapa Kigoma mjini, na ukumbi wao ni bati tupu, hauna dari. Ukigonga toazi, bati linajibu kabla hujanyanyua fimbo. Nao walitaka dramu halisi, za kompyuta walishazichoka.

Nilikuwa na maiki mbili za kondensa za aina moja, zile nyembamba zinazotaka volti 48 kutoka kwenye miksa. Kwanza tulifunga mablanketi mazito kwenye mbao za paa, juu ya dramu, ili mlio unaopanda usirudi wote.

Wengi huweka kila maiki juu ya toazi lake, basi. Mimi napima kuanzia kwenye snea, ile ngoma ndogo ya mlio mkali iliyo mbele ya mpigaji, kwa sababu maiki za juu zinasikia seti nzima, na zikipishana umbali snea ndiyo inayoharibika. Nikabana ncha ya kamba ya manila katikati ya snea, nikaivuta hadi maiki ya kushoto, nikapiga fundo. Fundo hilohilo nikalipeleka kulia. Mpiga dramu akacheka: "Fundi, unanipima suti?"

Maiki ya kulia ilikuwa karibu zaidi kwa kiasi cha rula moja. Si kidogo. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo sentimita 34 ni milisekunde moja, na ukizichanganya maiki hizo sauti za karibu hezi 500 (mitetemo 500 kwa sekunde) zinafika zikipingana na kufutana. Snea inakonda. Tukainua stendi mpaka fundo likagusa.

Zote zikawa kama mita moja juu ya matoazi, zikitazama kati ya kitovu na ukingo. Ukingoni sielekezi: toazi likiyumba, mlio nao unayumba.

Hai-hati, yale matoazi mawili yanayogonganishwa kwa mguu, sikuipa maiki. Hiyo hujiingiza yenyewe, hata kwenye maiki ya snea. Ningekuwa na maiki ya ziada ningeiweka chini ya raidi, lile toazi kubwa la kushikilia mdundo, karibu na kitovu.

Kisha nikasikiliza kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiwa vimeunganishwa kuwa sauti moja, kwenye simu, maana ndivyo nyimbo hizi zinavyosikilizwa madukani. Snea imetulia, ila krashi, toazi la kishindo, inafunika kila kitu. Hiyo hairekebishwi kwenye miksa. Nilimwomba kijana apunguze mkono. Alinuna, mkono huo ndio unaompa sifa kwenye mapambio, lakini akapunguza.

Miguu ya stendi niliizungushia solotepu sakafuni. Mvua ikigonga bati hakuna kurekodi, na stendi lazima zirudi palepale.