Ratili elfu tatu

Juzi mdogo wangu kaniletea asali kutoka nyumbani. Dumu lilikuwa limeviringishwa kipande cha gunia, na gunia lile mtu yeyote aliyekulia Urambo angelitambua hata akiwa amefumba macho. Tumbaku ya mvuke. Inanukia utamu fulani, kama zabibu kavu, halafu chini yake kuna moshi wa kuni. Mke wangu alitaka litupwe siku ileile. Nimelificha stoo, nyuma ya jiko la mkaa, na ajabu ni kwamba nikiingia mle harufu hainirudishi Urambo. Inanipeleka Virginia, Marekani, nilikokuwa nikisoma, kwenye ile asubuhi ya Novemba 2006.

Nilikuwa na kibarua maktabani, nalipwa kwa saa. Profesa alinipa barua za William Fitzhugh, zimechapwa kitabu kizima, na rundo la kadi tupu. Kila palipotajwa bei niandike kadi: kitu gani, kiasi gani, mwaka gani. Nadhani nilipewa mimi kwa sababu niliwahi kuropoka kwamba nimekulia kwenye tumbaku. Huyu Fitzhugh alizaliwa Bedford, Uingereza, akavuka bahari kwenda Virginia akiwa kijana, akawa wakili na mkulima wa tumbaku kando ya mto Potomac mpaka alipofariki 1701. Nasema mkulima. Jembe sidhani kama alilishika.

Nusu ya pili ya barua ndiyo niliyoanza nayo, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa kwa mwanafunzi mwingine. Na lazima niseme ukweli: nilimpenda yule mzee. Analalamikia bei ya tumbaku London, analalamikia nauli ya meli, anaagiza vyombo vya fedha, halafu katikati ya hayo anamwandikia mama yake kwa adabu kabisa. Baba yangu mtupu, ukiondoa vyombo vya fedha. Analalamika kwamba mahali anapoishi marafiki wa kuzungumza nao jambo la maana ni wachache, labda ukutane nao vitabuni, na kwamba kusomesha watoto huko ni karibu na muhali.

Kwa hiyo ikafika siku akampeleka mwanawe Uingereza. Kijana ana miaka kumi na moja na nusu. Alifundishwa na mchungaji Mfaransa, basi anasoma na kuandika Kifaransa, Kilatini ameanza, ila Kiingereza, lugha ya baba yake, ni cha kubabaisha. Fitzhugh anamwandikia mfanyabiashara wa Bristol, George Mason, mtu aliyezoea kupokea mapipa yake ya tumbaku, anamwambia kwamba safari hii anamtumia shehena kubwa na ya thamani: mwanangu.

Shehena. Neno lilelile la mapipa.

Niliweka kalamu chini. Mimi nilipokuwa na miaka kumi baba alinipandisha treni kwenda Tabora kwa baba mkubwa, nikasome huko. Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea maji tu; mengine yote yalikuwa Kinyamwezi. Mfukoni nilikuwa na barua, na kwa kuwa kusoma nilijua kidogo, niliifungua kabla treni haijafika mbali. Ilikuwa imeandikwa nyuma ya stakabadhi ya kuuzia tumbaku. "Kaka, pokea mtoto, asali madumu mawili, mchele kilo ishirini. Hakikisha vimefika vyote." Basi. Nilibeba ile "vimefika" miaka mingi. Ngeli ya vitu! Mwalimu wangu wa Kiswahili sekondari alipofundisha upatanisho wa ngeli mimi nilikuwa nalia moyoni, wenzangu wakidhani nimesinzia.

Sasa huyu mzungu wa zamani, tajiri, aliyeacha ardhi ya ekari zaidi ya elfu hamsini, naye anamtuma mwanawe kwa lugha ya bohari, na mtu anasoma miaka mia tatu baadaye anaona kabisa kwamba pale ndipo mapenzi yalipojificha. Nikamsamehe baba palepale, kwenye kiti cha maktaba. Nilikuwa nimefurahi kweli.

Asubuhi ile ya Novemba ndiyo nikaletewa nusu ya kwanza. Yule mwenzangu alikuwa ameacha kibarua.

Barua ya 1683, kwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa New England. Fitzhugh anataka aletewe watu, naye atalipa kwa tumbaku. Bei ameipanga vizuri, kwa mkono wa mwanasheria. Mtoto mweusi, wa kiume au wa kike, wa miaka saba hadi kumi na moja: ratili 3,000. Wa kumi na moja hadi kumi na tano: ratili 4,000. Kijana wa juu ya kumi na tano, asiyezidi ishirini na nne: ratili 5,000.

Niliandika kadi ya kwanza bila shida. Mkono ulikuwa umezoea. Virginia ya wakati ule tumbaku ndiyo ilikuwa pesa. Hata mchungaji wa kanisa, kwa sheria ya 1696, mshahara wake ulikuwa ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka. Kwa hiyo ratili 3,000 ni bei kama bei nyingine. Kilichoniponza ni kwamba mimi ratili sizijui, najua kilo. Nikageuza pembeni ya kadi, kwa penseli. Kilo 1,360.

Kilo nazijua kwa mgongo. Mwaka mmoja mvua ilikubali, ekari zetu tatu zikatoa kilo 1,270, na baba alilitaja hilo mpaka uzeeni kama watu wanavyotaja hija. Kilo zile niliziona zikipatikana. Kumwagilia kitalu, kuhamisha miche, kuvuna majani umeinama, utomvu ukakauka mikononi mpaka ugali unakuwa mchungu. Dada yangu alikuwa na miaka minane. Majani mabichi yenye umande yalimlevya akatapika kutwa nzima, kesho yake akarudi shambani. Halafu bani, kibanda cha kukaushia majani: moto usizimike usiku na mchana kwa karibu wiki nzima, na zamu ya kuanzia saa nane usiku ilikuwa yangu. Mama, baba, watoto wanne, msimu mzima. Kilo 1,270.

Nilitazama kadi. Nikatoa hesabu. Tulipungukiwa kilo tisini.

Sijui nilikaa muda gani. Nakumbuka kiyoyozi kikiunguruma, na msichana wa meza ya jirani akila karanga kwa kujificha. Nakumbuka nikifungua ile barua nyingine ya 1686, ambamo anamwelezea mtu wa Uingereza mali yake kwa matumaini ya kuiuza: nyumba ya vyumba kumi na tatu, miti ya matofaa 2,500, watumwa ishirini na tisa, wengi wao wazaliwa wa nchi ileile. Wote katika pumzi moja, kama stakabadhi ya baba.

Nikatoka nje kwenye baridi na kadi ya simu. Kwetu ilikuwa saa moja jioni, saa ambayo baba hupanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umepatwa na nini?"

"Sijapatwa. Nataka kukuuliza habari ya tumbaku."

"Huko nako wanalima?"

"Ndiko ilikotoka, baba. Ile yetu si inaitwa Virginia? Ni hapa."

"Ahaa. Mimi siku zote nilidhani ni mke wa mzungu fulani."

Nikamweleza. Mtoto wa miaka saba, minane, mpaka kumi na moja, kwa kilo 1,360. Akanyamaza. Nilisikia vyura nyuma yake.

"Daraja gani?"

"Baba?"

"Hiyo tumbaku. Ya daraja gani? Na mizani ilikuwa ya nani?"

"Sikuangalia."

"Angalia. Huwezi kusema bei bila kusema daraja." Akanyamaza tena. Msinielewe vibaya, hakuwa mtu wa mzaha. Maisha yake yote mteuzi wa tumbaku alikuwa akibonyeza jani kwa vidole viwili na kumwambia kazi yake ya mwaka ina thamani gani. "Kwa hiyo mimi, ule mwaka wa mvua..."

"Hukufikisha, baba. Tulipungukiwa kilo tisini."

"Tulipungukiwa," akasema. Vyura. "Na wewe ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi. Ndio mwaka ulionipeleka Tabora."

Ndipo nikaona nimuulize. Sauti kwenye kadi ilikuwa imeshaniambia zimebaki dakika mbili. Nikamuuliza kwa nini ile barua aliiandika vile, mtoto na asali na mchele, hakikisha vimefika vyote.

Alifikiri kidogo. "Asali ilifika dumu moja na nusu," akasema. "Kaka aliniandikia. Wewe ulifika mzima."

Nilikuwa bado nasubiri amalizie, simu ikakatika.

Nilirudi ndani nikamaliza kazi, kwa kuwa saa zilikuwa zinahesabiwa. Kadi kumi na moja. Ya yule kijana wa Bristol sikuwa na pa kuiweka, haikuwa na bei. Jioni profesa alizipitia moja moja, mwanamke mpole sana, akafika kwenye ile ya ratili 3,000, akaona penseli pembeni: 1,360 toa 1,270. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni hesabu ya nyumbani tu.

Akachukua raba, akaifuta taratibu ili kadi isichanike.