Sekunde 40 Zilizozidi
Jana, kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo ya uandishi wa habari, nilikuwa mtayarishaji wa taarifa ya habari ya moja kwa moja, na nakiri kwamba darasani sikuwahi kuiogopa saa ya ukutani kiasi kile. Ripoti iliyopaswa kufungua taarifa ilikuwa bado inahaririwa, hivyo nikaipandisha habari ya pili na kumweleza msomaji wa habari kupitia kifaa cha sikioni, huku yeye akiwasalimu watazamaji kana kwamba hakuna lililobadilika. Ripoti yenyewe ilifika tukiwa katikati ya taarifa, ikiwa imezidi muda wake kwa sekunde 40. Nilikata utabiri wa hali ya hewa, bila majuto. Viganja vyangu vililowa jasho hata karatasi ya mpangilio wa habari ikachanika.