Malalamiko kuhusu makao ya wazee yachunguzwe usiku

Katika miaka niliyofanya kazi ya ustawi wa jamii hapa Tabora, malalamiko kuhusu makao ya wazee yaliletwa na mtumishi aliyeachishwa kazi, na jirani aliyesikia kelele usiku, na mara chache sana na ndugu. Aliyekuwa hafiki ofisini ni yule anayeishi humo. Sababu yake ni lazima ieleweke kwanza, kwani bila hivyo uchunguzi wote huenda kombo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya mzee, na makao huwa ya yule aliyekosa wa kumtunza. Kwa hiyo aliyemo humo, mara nyingi, hana mtoto wa kuja kumjulia hali wala wa kuuliza kwa nini shuka halijafuliwa. Kwetu huku wapo pia bibi waliokimbia vijiji vyao baada ya kutuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka mingi. Ukimwuliza bibi wa namna hiyo mbele ya msimamizi kama anatunzwa vizuri, atakujibu kuwa anashukuru. Mmoja, nilipoketi naye faragha chini ya mwembe, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, wewe utaondoka jioni, mimi nitabaki nao."

Ndiyo maana siamini ziara ya mchana iliyotanguliwa na barua. Barua ikishafika, sakafu hupigwa deki, mashuka mapya hutolewa stoo, na watumishi waliokuwa mapumzikoni huitwa ili idadi itimie. Uhaba wa watumishi huonekana saa nane za usiku, mgeni anapobisha hodi bila kutarajiwa.

Katika makao mamoja tuliyoyachunguza, daftari la zamu lilionyesha wahudumu wawili kila usiku. Tulipolitazama kwa makini, sahihi za mwezi mzima zilikuwa za kalamu moja na mkono mmoja, zikiwemo za siku ambazo mmoja wa wahudumu hao alikuwa amelazwa hospitalini. Usiku tulimkuta mama mmoja tu, ambaye mchana kutwa alikuwa amepika na kufua, akihudumia bweni la wanaume na la wanawake peke yake. Bweni la wanawake lilikuwa limefungwa kwa kufuli upande wa nje, kwa maelezo kwamba yumo bibi mwenye tatizo la kusahau ambaye hutoka akapotea. Ufunguo alikuwa nao mlinzi wa getini. Tulimwomba afungue, naye akajaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine kwa mwanga wa simu, huku ndani mtu akikohoa na mwingine akiuliza kuna nini.

Septemba 2020 moto wa bweni wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, uliua wanafunzi 10. Septemba 2024 mwingine huko Nyeri, Kenya, uliua 21. Hao walikuwa watoto wenye miguu ya kukimbia. Mzee wa kubebwa, nyuma ya kufuli, amwite nani?

Sikubaliani kabisa na uchunguzi unaoishia kwa kumwadhibu mhudumu wa zamu. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anapaswa kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongoni na makalioni, na mtu mmoja mwenye mabweni mawili hawezi kuifanya kazi hiyo hata awe na huruma kiasi gani. Daftari la zamu lilinganishwe na orodha ya malipo, na aulizwe mwenye makao ni wangapi kati ya hao anaowaita watumishi ni watu wa kujitolea wanaopewa posho fedha zikipatikana. Mpishi na mlinzi wahojiwe kila mmoja peke yake, na barua ya mlalamikaji isionyeshwe kwa msimamizi, maana mwandiko hutambulika.

Kwa upande wa watoto njia iko wazi zaidi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao yawe na kibali na yakaguliwe, na simu namba 116 hupokea taarifa bila malipo.

Wapo wanaosema tufunike kombe mwanaharamu apite, kwa kuwa makao yakifungwa wazee hawatakuwa na pa kwenda. Hofu hiyo naielewa, lakini kati ya kufunga na kunyamaza kuna kazi kubwa: kuweka masharti kwa maandishi, kutoa muda, kisha kurudi usiku bila taarifa. Makao yale yaliondoa kufuli, yakaweka komeo linalofunguka kwa ndani na kuajiri mhudumu wa pili wa usiku, baada ya sisi kurudi.

Anayeishi jirani na makao akiona jambo, alipeleke kwa afisa mtendaji wa kata au ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na akipuuzwa aende Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Aandike tarehe, saa, bweni gani, na nani alikuwa zamu.