Wa Ukutani na wa Gogo

Mwaka niliomaliza kidato cha nne nilikaa Idodi kwa shangazi nikisubiri matokeo. Idodi iko njiani ukitoka Iringa mjini kwenda hifadhi ya Ruaha, huko chini kwenye joto, na mimi niliyekulia kwenye baridi ya Mafinga nilishinda kivulini kila nilipopata mwanya. Shangazi hakupenda. Akanipa kazi ya kumsaidia kwenye biashara yake ya asali ya nyuki wadogo.

Hao si nyuki wakali wa mizingani. Ni wale wasiodunga, mwiba wao umedumaa haufanyi kitu, wanaokujia machoni na puani ukitoka jasho porini mpaka unatamani kujipiga makofi. Hawatengenezi masega ya asali. Wanaiweka kwenye vyungu vidogo vya nta iliyochanganywa na utomvu wa miti. Ni nyepesi, ina uchachu, na watu wanainunua kama dawa ya kifua. Kiota kizima cha wale wadogo kabisa kinaweza kukupa kikombe tu, au kisifike. Kwa hiyo bei yake haikuwa ya mchezo.

Ndipo akaja kijana wa chuo kikuu, anafanya utafiti wa nyuki wasiodunga. Mpole, ana adabu, alisalimia "Kamwene" vizuri kabisa japo ndilo neno pekee la Kihehe alilokuwa nalo. Shangazi akampenda hapo hapo. Tukamwonyesha viota vitatu: kimoja kwenye pango la mti mkubwa, cha pili kwenye ukuta wa udongo wa jiko letu, cha tatu ndani ya gogo kavu la mninga nyuma ya nyumba.

Wa ukutani aliwakamata kwa mrija. Ni kichupa chenye mipira miwili. Mmoja unaelekeza kwenye mlango wa nyuki, mwingine unanyonya kwa mdomo, na kitambaa cha chandarua kinazuia usimeze mdudu. Mlango wenyewe ulikuwa kibomba cha nta kilichochomoza ukutani, chembamba kuliko kalamu, na kila aliyechungulia alikwenda na upepo. Wa kwenye pango aliwakamata vivyo hivyo. Gogo lilikuwa habari nyingine: shangazi alishapanga kulipasua, basi tukalipasua kwa shoka, kijana akazoa nyuki humo ndani kwa kijibrashi, akajaza na asali kwenye chupa moja ya sampuli. Kila kundi akalitia kwenye chupa yake ya spiriti, akabandika karatasi, akaandika kwa kalamu ya wino.

Usiku chupa zilivuja begini. Asubuhi karatasi zote zilikuwa nyeupe pee, na spiriti imekuwa na rangi ya bluu.

Chupa ya wale wa kwenye pango haikuhitaji karatasi. Walikuwa wakubwa, karibu mara mbili ya wenzao, na kijana aliwataja kwa jina la kitaalamu bila kusita: Axestotrigona. Zilizobaki mbili ndizo zilizomtoa jasho. Vijidudu vyeusi vya milimita mbili tatu, vimelowa, mbawa zimegandana. Alivitazama kwa lenzi yake ya mkono, akavitazama tena, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayejifariji kwamba haina shida sana, maana zote mbili ni Hypotrigona, nyuki wa aina moja kutoka viota viwili.

"Si aina moja," shangazi akasema. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua hata kichwa.

"Mama, kwa macho ni vigumu kujua."

"Wa gogo mgongo unameta. Wa ukutani kama kamwagiwa vumbi. Macho yangu yalipokuwa mazima niliwaona kila siku."

Kijana akarudi kwenye lenzi. Wote wanameta, akasema, chupa zote mbili.

"Si umewalowesha? Hata mimi ukinilowesha nitameta. Waanike."

Tukawaanika kwenye gazeti kama dagaa, huku na huku, katikati tumeweka fimbo. Upepo wa Idodi haukutuacha salama. Ikabidi nikae nimeukinga kwa kanga ya shangazi. Walipokauka kijana alinipa lenzi nami nitazame. Sikutegemea kuona kitu. Lakini kundi la kushoto lilikuwa na mgongo uliofifia, umejaa vitobo vidogo vilivyosongamana, mwanga unafia pale pale. La kulia lilikuwa laini, jua linateleza juu yake. Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akanieleza, kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha, kwamba wa kulia ni Liotrigona, na kwamba jina hilo lilitolewa mwaka 1961 tu, na padre mmoja wa Brazili aitwaye Moure. Mimi nilikuwa nashangaa padre anapata wapi muda.

Basi shangazi alikuwa sahihi, ni aina mbili. Ila kijana alitaka ushahidi usiotegemea neno la mtu kwamba wanaometa ndio wa gogo, na gogo lenyewe lilishaingia jikoni usiku. Na hapo ndipo alipoona kwenye kundi la kulia nyuki kadhaa waliopauka, rangi ya chai ya maziwa. Akaanza kuwatenga pembeni kwa ncha ya unyoya wa kuku. Labda ni aina ya tatu, akasema.

Shangazi akacheka mpaka mchicha ukamwagika. "Hao watoto! Hawajaiva."

Nyuki akitoka kwenye kijumba chake huwa mweupe mweupe, rangi inakolea baadaye, na siku hizo za mwanzo anafanya kazi za ndani, hatoki nje. Nikamwambia kijana, wa ukutani si uliwanyonya mlangoni? Aliyekuja mlangoni ni mkubwa. Watoto utawapata tu ukivunja nyumba, na nyumba tuliyovunja ni moja.

Alinitazama, akatazama gazeti, akaenda ukutani na mrija wake. Aliporudi na wapya sita, akawakausha, akawapeleka chini ya lenzi: mgongo wa vumbi, wote, na hakuna hata mmoja aliyepauka.

Safari hii aliandika kwa penseli. Alimsomea shangazi majina yote mawili polepole, na shangazi akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote.

"Haya, mwanangu. Na ile chupa ya asali uliyojaza jana, hiyo nayo ni ya utafiti au tunalipana?"

Akatoa pochi.