Mashine ya Msasa wa Mkanda Haitaki Kutulia Mahali Pamoja

Kosa langu la kwanza na mashine ya msasa wa mkanda, ile inayozungusha mkanda wa msasa ili kulainisha mbao, lilikuwa kuiwasha ikiwa imelala juu ya ubao: iliruka mbele kwa ghafla, ikaacha mchimbo ambao sikuweza kuuficha. Tangu hapo huiwasha ikiwa hewani, nikangoja mkanda ushike kasi, kisha nikaishusha taratibu huku nikiisogeza kufuata nyuzi za mbao, na huiinua kabla ya kuizima. Uzito wake wenyewe unatosha. Ukiigandamiza, au ukiiacha itulie sehemu moja hata kwa sekunde chache, itachimba bonde, na kwenye plaiwudi itatoboa tabaka la juu.

Mimi huchora mistari hafifu ya penseli juu ya ubao wote, nikapiga msasa namba 80, ambao ni wa kukwaruza zaidi, mpaka mistari ifutike yote, ndipo nihamie namba 120 ulio laini zaidi. Ubao sharti ubanwe imara kwenye meza. Kabla ya kubadilisha mkanda, chomoa plagi, kisha hakikisha mshale uliochapwa upande wa ndani wa mkanda unaelekea kule mashine inakozungukia. Vumbi lake laini hudhuru mapafu, kwa hiyo barakoa na miwani sivivui hata kwa kipande kidogo.