Zamu yangu

Wiki hii Rehema amejifungua mtoto wa kike, baba amekubali hatimaye kufanyiwa upasuaji wa goti, na mimi nimeshinda siku zote hizo na sentensi moja ya maneno manne ambayo hainitoki kichwani.

Abiria walikuwa wakishuka kwenye ndege, nami, rubani msaidizi, nimesimama mlangoni pamoja na kapteni (ni yuleyule niliyewahi kumwandika hapa, aliyegoma kuondoka mpaka karatasi ya mizigo isahihishwe). Mzee mmoja aliyekumbatia mkoba wake kwa mikono miwili alisimama mbele yetu, akanitazama kuanzia viatu hadi mabegani, kisha akamgeukia kapteni kana kwamba mimi sipo: "Ni huyu binti ndiye aliyekuwa anaendesha?" Kapteni akamjibu, "Leo ilikuwa zamu yake." Mzee akatikisa kichwa, akashuka. Nilimwambia karibu tena, hakugeuka.

Nimeirudia sentensi ile kwa kila sauti ninayoweza kuikumbuka. Kuna namna ya kuitamka ambayo ni ya kujivua lawama: si mimi, ni huyu, siku zake huwa hivi. Uso wa kapteni haukunisaidia, kwa kuwa uso wake haujawahi kumsaidia mtu yeyote.

Huko juu mambo yalikwenda hivi. Ndege iliyotutangulia ilikuwa imeripoti kwamba kasi yake iliyumba ikikaribia kutua, kwa hiyo tulikubaliana mapema kwamba dalili ya kwanza tu ingetosha kughairi kutua. Rada haikutuonyesha la kutisha, kwani mvua haba haiakisi vizuri, lakini upande wa kushoto niliona pazia la mvua lililoning'inia chini ya wingu bila kufika ardhini. Mvua inayokauka njiani huipoza hewa inayopita ndani yake, na hewa hiyo ikishapoa huwa nzito, huporomoka hadi chini na kutawanyika pande zote. Ndege inayoingia humo hupokewa kwanza na upepo wa mbele; kasi hupanda, na rubani asiyeshtuka hupunguza nguvu za injini ili airudishe pale alipoitaka, kisha ndani ya sekunde chache hujikuta akisukumwa chini, na baada ya hapo upepo wa nyuma humnyang'anya kasi yote aliyokuwa ameipata na nyingine zaidi, ilhali injini zimelala na ardhi iko karibu. Kinachoua ni ule ukarimu wa mwanzo.

Tukiwa futi 700 hivi kutoka ardhini, kasi ilipanda noti 20 (kama kilomita 37 kwa saa) bila mimi kugusa kitu. Kisha ikaanza kuanguka, na sauti ya mashine ikatoa onyo lake mara tatu. Nikatamka kwamba tunapaa, nikasukuma vishikio vya injini mpaka mwisho na kuinua pua hadi nyuzi 15. Magurudumu na flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) tuliviacha vilivyo, maana hapa, tofauti na kughairi kutua kwa kawaida, umbo la ndege haliguswi mpaka mtoke kwenye upepo ule. Milango ya magurudumu ikifunguka ili yaingie ndani huongeza ukinzani wakati ambao hakuna hata noti moja ya kupoteza. Kapteni alikuwa akinisomea kimo tu. "Mia tano, tunashuka. Mia nne na hamsini, tunashuka. Mia nne na hamsini. Tunapanda." Tulizunguka tukisubiri wingu lihame, tukarudi kutua kwa ulaini ambao hakuna aliyeusifu.

Namwelewa mzee yule kwa kiasi fulani. Aliyeketi nyuma aliona ardhi ikikaribia, akasikia injini zikinguruma, akajikuta anarudi mawinguni. Nani atamwambia kwamba huko ndiko kufanya kazi sawasawa? Juni 24, 1975 ndege ya Eastern Air Lines namba 66 ilianguka ikikaribia uwanja wa Kennedy, New York, wakafa watu 113, na uchunguzi wa ajali ile ndio uliompeleka Tetsuya Fujita, mtaalamu wa hali ya hewa, kwenye nadharia ya mporomoko huu wa hewa ambayo sote tumefundishwa. Mimi huwafikiria zaidi marubani wa ndege nyingine ya shirika lilelile, namba 902, ambao dakika chache kabla ya hapo walikutana na upepo huohuo, wakaghairi, wakawaonya waongoza ndege, wakaenda kutua Newark. Nadhani na wao kuna abiria aliyewatikisia kichwa mlangoni.

Nilipokuwa nikiandika aya hiyo nimekumbuka jambo ambalo hasira ilikuwa imelifunika. Kapteni ana haki ya kuuchukua usukani wakati wowote kwa kutamka neno moja, na siku ile hakulitamka. Mkono wake ulikuwa nyuma ya wangu kwenye vishikio vya injini, kiganja wazi, pasipo kunigusa. Pale mlangoni pia angeweza kusema kwamba alikuwa akinisimamia, au kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya, na mzee angeondoka ameridhika, ila ndege ile isingekuwa yangu tena. Huenda maneno yale manne ni kile kiganja kilekile. Asubuhi naliamini hilo kabisa. Ikifika jioni natamani angeongeza neno la tano.

Rehema, hata akiwa kitandani na kichanga chake, ananihimiza nimuulize mwenyewe, lakini mtu aliyenisomea futi kwa utulivu ule simwoni akikaa kunifafanulia sentensi. Tumepangiwa pamoja tena Alhamisi, na zamu ya kushika usukani ni yake.

Kinachoninyima usingizi zaidi usiku huu ni sikio la kushoto. Tangu juzi linaziba tukianza kushuka na linachukua muda kufunguka, na kipimo cha afya cha leseni yangu ni mwezi ujao.